Alama za Vema Nilizompa Yona

Nilikuwa na kichwa cha mteja magotini, nikimsuka mtindo wa twende kilioni, aliponiambia kwamba Profesa amefariki. Mteja mwenyewe ni nesi Zuhura wa Kilosa. Kila akipata mapumziko huja Mikumi kwa dada yake, na akija lazima apite kibandani kwangu, kwa sababu anasema wasusi wa kwao wanavuta nywele mpaka mtu anashindwa kufumba macho. Siku hiyo alichezea simu muda mrefu, kisha akaniinulia usoni.

"Perisi, ona. Bibi wa watu katutoka."

Ilikuwa picha ya mama mtu mzima, miwani imeshuka puani, amechuchumaa mkekani mbele ya mtoto. Chini wameandika vyeo vyake: profesa, daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu ya watoto, mwalimu wa madaktari. Mimi niliishia darasa la saba, maneno marefu namna hiyo nayasoma kwa kuyatafuna, lakini yule mama nilimtambua kabla sijasoma kitu.

"Wanamzika Jumamosi," nesi Zuhura akaendelea. "Aliowafundisha wanakuja mpaka kutoka nje ya nchi. Kwani na wewe unamjua?"

"Nilimwona nikiwa mdogo," nikasema.

"Basi ulimwona akiwa na nguvu zake. Mpole yule! Hajawahi kunigombeza. Isipokuwa kitu kimoja tu cha ajabu: ole wako uweke alama ya kosa kwenye daftari la mgonjwa. Nilipoanza kazi nilipiga makosa mawili kwenye daftari la mtoto, zile siku alizoanguka. Alilichana lile karatasi, akakaa chini akaandika upya kwa mkono wake, anachora viduara. Mtu mzima, na uprofesa wake, anachora viduara! Nikamuuliza, Mama, kwani kosa lina nini? Akasema, 'Zuhura, chora duara, tuendelee.' Hakuna aliyewahi kuijua sababu."

Mikono yangu ikasimama. Nikasingizia kwamba natafuta kitana.

Sababu naijua mimi. Tulikuwa wawili tunaoijua, na sasa nimebaki peke yangu.

Watu hapa Mikumi wananijua kwa kicheko. Nacheka na wateja, nacheka na madereva wanaosimama kununua maji, na kila mtu nimeshamwambia kuhusu saluni nitakayoifungua, ya vioo, ambayo watalii wakitoka kuangalia tembo watakuja kukaa wasukwe. Wananiambia, Perisi, ota tu, ndoto hazilipiwi. Na mimi naota kweli. Lakini kuna mahali ndani yangu ambapo kicheko hakifiki, na mahali hapo pana umri wa miaka mitano na panaitwa Yona.

Yona alikuwa mdogo wangu. Mimi nilikuwa darasa la pili, yeye hajaanza hata chekechea. Tulikaa nyuma kidogo ya barabara kubwa, nyumba ya tofali za kuchoma, mahali ambapo malori ya Zambia yakipita vikombe vinagongana kabatini. Baba alikuwa fundi baiskeli. Mama alilima. Bibi, mama yake baba, macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa anashinda barazani akimsikiliza Yona anavyoiga malori. Aliyaweza yote: honi, gia, hadi ule upepo lori linaoutoa likisimama. Pshhh! Bibi anashtuka, anavuta miguu. "Nipishe na gari lako, mjukuu wangu, utanikanyaga!" Yona anacheka mpaka anakaa chini.

Na Yona alikuwa anaanguka. Kwanza alikuwa anageuka pembeni, kama mtu aliyeitwa jina. Halafu mkono mmoja unakaza, halafu yuko chini, na sauti inamtoka ambayo siyo ya lori wala ya mtu. Watoto wenzetu walikimbia wakipiga kelele, "Povu! Povu!" kwa sababu tuliambiwa povu lake likikugusa, na wewe unaanza. Hata sahani yake ilitengwa. Mimi nilimfuta kwa sketi yangu ya shule. Povu lile lilikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha, na nikishamfuta nilikuwa naenda kukaa nyuma ya choo peke yangu, najisikiliza, nangoja na mimi niitwe jina.

Mwinjilisti wa kanisani kwetu ndiye aliyemwambia mama habari za daktari mkubwa anayekuja Kilosa kila mwezi kutoka Dar, anatibu watoto wa namna hii tu. Mama aliuza kuku. Tukaenda watatu, kwa ile barabara ya vumbi, reli ya zamani iliyoota majani inatufuata mara kushoto mara kulia, Yona kasimama dirishani anaendesha yeye.

Mpaka siku ile nilidhani Yona yuko peke yake duniani. Kumbe benchi zima limejaa. Kulikuwa na watoto wakubwa kama mimi wamebebwa migongoni, miguu inaning'inia mpaka magotini kwa mama zao. Kulikuwa na mtoto mwenye kichwa kizito, mama yake kakishika kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba mtungi umejaa. Hapakuwa na mtu anayemkimbia mwenzake. Sakafu ilinukia dawa ya deki, na wale mama walikuwa wakipeana uji kwenye vikombe vya plastiki na kutaniana.

"Mwanao mzito jamani, unamlisha zege?"

"Namlisha pilau, shoga. Wivu tu huo."

Mlango ulikuwa wazi, nikamwona Profesa kazini. Alikuwa amevua viatu, amekaa mkekani. Mbele yake alikuwapo mtoto wa Kimamba aitwaye Shabani, mkubwa kuliko mimi, shingo haijasimama, amelala kifuani kwa mama yake. Mama huyo alishaamkia, akaitikiwa. Lakini Profesa hakuanza kumpima. Alikaa tu anamtazama Shabani.

"Haongei huyu, Profesa," mama yake akasema. "Tangu azaliwe. Mimi nimeshakuamkia kwa niaba yake."

"Wewe umeamkia ya kwako. Yeye namngoja."

Tukangoja. Nje benchi lote likanyamaza. Nesi akachungulia, akarudi. Nzi akatembea kwenye goti la Profesa, hakumfukuza. Nilianza kuona aibu, sijui kwa niaba ya nani. Halafu kooni kwa Shabani kikatoka kitu, kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta.

"Marahaba, baba," Profesa akaitika. "Habari za Kimamba?"

Mama yake Shabani aligeukia ukutani, akajifunika uso kwa kanga. Nafikiri hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwitikia mwanawe.

Zamu yetu ilipofika alimgonga Yona magoti kwa kinyundo cha mpira, miguu ikaruka yenyewe. Yona akacheka. "Mama, ananitengeneza kama baba anavyotengeneza baiskeli!" Profesa naye akacheka, ana pengo. Kisha akamgeukia mama na cheko likaisha. Akamwambia dawa hii si ya siku mbili, ni kama chakula, na isikatishwe ghafla hata siku moja, hata mtoto akipona, hata mtu aseme nini. Ikikatishwa ghafla kifafa kinarudi kwa hasira. Mama alirudia maneno yale kwa sauti, neno kwa neno, kama kiapo.

"Nani ataandika siku anazoanguka?"

"Mimi naandika jina langu tu, Profesa. Halafu nashinda shamba." Mama akanisukuma mbele. "Ila ninaye msomi."

Profesa akatoa daftari jipya na kalamu nyekundu, akachora mistari, akaniita nikae naye mkekani. "Siku akiwa salama, weka vema. Siku akianguka, weka kosa. Akianguka mara mbili, makosa mawili. Nitakuwa nalitazama mimi mwenyewe. Umeelewa, mwandishi wangu?"

Nilielewa sana. Hapo ndipo lilipo tatizo. Kalamu nyekundu niliijua. Darasani kwetu mwenye makosa matano aliitwa mbele. Mwenye makosa mengi mwisho wa mwaka alikariri darasa, na wapo waliopewa barua wapeleke nyumbani, hatukuwaona tena. Mtu mzima yule hakujua kwamba kwa mtoto wa darasa la pili kuna kazi moja tu ya alama ya kosa.

Mwezi wa kwanza niliandika kwa haki: vema nyingi, makosa matatu. Profesa akayatazama, akasema "Hm," akaongeza nusu kidonge. Yona akasinzia siku nne. Bibi akawa anauliza barazani, malori yameenda wapi leo? Mimi nikajua: ile ni adhabu. Makosa matatu, nusu kidonge.

Na siku ileile ya kliniki nilimwona mama yake Shabani akitoka ndani na daftari la mwanawe. Ukurasa ulikuwa mwekundu wote. Mkononi ana barua, na analia. Akina mama wakamzunguka, wakamshika mabega, nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Kapewa barua." Mwezi uliofuata Shabani hakuwepo kwenye benchi. Na ule mwingine hakuwepo.

Ndipo nilipoamua kwamba Yona hatafukuzwa.

Haikuwa ngumu. Mimi natoka shule adhuhuri, mama anarudi jua limepoa, baba yuko kwenye baiskeli zake, Bibi haoni. Yona alianguka nikimenya mihogo. Alianguka bombani, nikamwambia mwenye zamu ya maji kwamba ameteleza. Alianguka akiwa katikati ya kuiga lori, na Bibi akauliza, "Mbona limezima?" nikamjibu, "Linapakia mzigo, Bibi." Kila mara nilimlaza ubavu kama Profesa alivyotuonyesha, nikamfuta, nikamkalia karibu, nikamwimbia taratibu zile za kanisani mpaka pumzi irudi. Akifumbua macho anauliza, mzito wa ulimi:

"Dada, nimeanguka?"

"Hujaanguka. Ulilala."

"Nimelala hapa chini?"

"Ulichoka na safari."

Anakubali. Alikuwa ananiamini. Jioni nachukua kalamu nyekundu, naweka vema. Nilizichora nzuri, zenye mkia mrefu, kama za mwalimu anapofurahi.

Miezi mitatu. Mara ya mwisho tulipokwenda, Profesa alifungua daftari, akafunua, akafunua tena. "Vema tupu," akasema, akamgonga Yona shavuni kwa kidole. "Basi dawa inamtosha kwa kiasi hiki. Sitaongeza kitu." Mama alipiga kigelegele palepale ndani ya kliniki, nesi akamwambia, mama wewe, kuna wagonjwa. Tulipotoka akaninunulia soda nzima, yangu peke yangu. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile. Niliamini kabisa kwamba mimi ndiye niliyemponya.

Hazikupita wiki mbili. Nilitumwa chumvi. Bibi alikuwa barazani, sufuria ya maharage iko kwenye mafiga, Yona anaendesha lori lake kuzunguka nyumba. Nilisikia Bibi akiita jina lake nikiwa njiani narudi, nikasikia harufu kabla sijaona. Mkono wa kulia, mpaka kwenye kiwiko.

Zahanati walimfunga bandeji. Lakini nyumbani jambo lilikuwa limeshaamuliwa bila mtu kukaa kikao. Kwetu huku wazee wanaamini kwamba mtu wa kifafa akishaguswa na moto, basi, ugonjwa umefungwa ndani, haponi tena. Bibi alilia akisema hivyo. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshika ule mguu mdogo wa Yona, anaupapasa. "Msimsumbue mtoto na madonge tena. Ameshaungua. Mwacheni ale, acheze, siku zake zilizobaki."

Baba ndiye aliyekuwa na hasira. "Miezi mitatu vema, vema, vema, halafu mtoto anaingia motoni! Dawa gani hiyo? Chaki hizo."

"Profesa alisema tusikatishe," mama akasema. "Baba Perisi, nakuomba. Alisema hata mtu aseme nini."

Wakabishana wiki mbili na zaidi, mama akimpa vidonge huku baba akiapa kwamba ndivyo vya mwisho. Siku ya kliniki ikafika, baba akazuia nauli. Hatukwenda.

Siku iliyofuata gari jeupe likasimama barabarani. Profesa alishuka mwenyewe, amevaa raba, akateremka kwa miguu mpaka uani kwetu. Alikuwa anarudi Dar kwa njia ya Mikumi, akauliza kwa mafundi baiskeli mpaka akatupata. Baba alijifuta grisi mikononi, akasahau kumpa kiti. Profesa akaenda kwanza barazani, akainama. "Shikamoo, mama." Bibi akaitikia akimtafuta kwa mkono. Kisha akafungua bandeji ya Yona, akanusa, akafunga vizuri.

"Moto umeunguza ngozi tu," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Haujafunga kitu. Ninao watoto walioungua zaidi ya huyu, leo wanasoma. Asikudanganye mtu, baba." Akaliomba daftari. Nikalileta. Akalisoma akiwa amesimama, muda mrefu, na paji la uso likajikunja. "Miezi mitatu hajaanguka hata mara moja, halafu moja tu, motoni." Akainua macho. Hakumtazama baba wala mama. "Mwandishi wangu. Hakuna nyingine uliyoiona?"

Wote wakanigeukia. Hata Bibi aligeuza uso upande wangu. Yona alikuwa amekaa kwenye tairi bovu, mkono mweupe wa bandeji, ananitazama kama anavyonitazama siku zote.

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja, Profesa."

"Kwa sababu kama zipo nyingine, basi dawa niliyompa ni ndogo na nitaiongeza. Si kosa la mtu. Nitaongeza tu."

Alinifungulia mlango kabisa. Mimi nikasikia *kuongeza*, nikaona Yona anasinzia siku nne. Nikaona barua. Nikatikisa kichwa.

Akanirudishia daftari. "Basi kiasi ndicho hicho. Mpeni hivyohivyo, msikatishe," akamwambia baba, na baba akasema, "Sawa, Profesa, tumeelewa," kwa adabu zote. Gari lilipoondoka, baba alichukua bahasha za dawa akazitia kwenye boksi lake la spana. "Umesikia mwenyewe," akamwambia mama. "Kiasi ni sahihi. Na bado kaungua. Sasa unataka nini tena?"

Hayo ndiyo maneno yaliyonichukua miaka kuyaelewa. Uongo wangu ndio uliompa baba hoja.

Kifafa kilirudi kwa hasira, kama tulivyoambiwa. Ilikuwa mchana, mama shamba. Yona alianguka, akaamka nusu, akaanguka tena, akaanguka tena kabla hajaamka. Nilimlaza ubavu. Niliimba nikamaliza nyimbo zote. Nikamkimbilia baba. Baba alimbeba mikononi, akapanda naye barabarani akipunga kanga ya Bibi, na lori likasimama. Pshhh. Walipanda mbele, kwa dereva. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Yona kupanda lori maishani mwake, na hakulisikia. Walimrudisha jioni akiwa amefunikwa kanga ileile.

Mama alimwambia baba neno moja tu mbele ya waombolezaji: "Muuaji." Kisha nyumbani hakuongea naye tena. Msimu haukupita, baba akafunga spana zake akahamia kwa ndugu zake Malolo. Na mimi, wa darasa la pili, nilikaa katikati ya nyumba ile nimefunga mdomo.

Matanga yalipoisha mama alikusanya vidonge vilivyobaki. "Vya watu virudi," akasema. "Kuna mtoto atavimeza." Tukaenda Kilosa wawili. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida, wakatusogelea, wakatupa uji, hakuna aliyetuuliza mtoto yuko wapi, walituona migongo mitupu wakajua. Mama alipoingia kwa nesi kukabidhi dawa, mimi niliingia kwa Profesa, nikasimama pembeni ya mkeka na viatu vyangu.

"Alianguka," nikasema. "Alianguka sana. Mimi niliweka vema."

Alivua miwani. Bila miwani alikuwa bibi wa kawaida tu.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Makosa yakiwa mengi ungemfukuza. Kama Shabani. Shabani ulimpa barua."

Uso ulianza kumbadilika taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Shabani nilimpeleka Dar," akasema. "Ile ilikuwa barua ya kumpokelea kitanda. Mama yake alilia kwa furaha. Wako hukohuko, anafanyishwa mazoezi, shingo imeanza kusimama." Kisha akalichukua daftari la Yona nililokuwa nimelishika, akatazama zile vema zangu zenye mikia mirefu, ukurasa baada ya ukurasa. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige.

"Nimetibu watoto miaka mingi kuliko umri wa mama yako," akasema. "Nimeandika vitabu. Na sikujua kwamba nimempa mtoto kalamu nyekundu amsahihishe mdogo wake." Akalifunga daftari. "Yona hakufanya kosa. Wewe ulimpenda. Aliyechora ile alama ni mimi."

"Usimwambie mama."

"Sitamwambia mama, wala mtu mwingine. Utamwambia wewe, siku utakayoweza. Mimi nitangoja."

Akangoja. Kwa maneno ya nesi Zuhura, alingoja akichora viduara mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu akaendelea kuja Kilosa, akichora. Hakumwambia hata mtu mmoja.

Nesi Zuhura alipoondoka na nywele zake nilifunga kibanda mapema. Mama anakaa na mimi siku hizi. Nilimkuta uani, ungo magotini, anachambua majani ya kunde. Kwanza nilimwambia Profesa amefariki. Akasema, "Masikini. Mtu yule alimsalimu mama mkwe wangu kwa kuinama." Kisha nikakaa chini na kumwambia yale mengine, yote, kuanzia kalamu mpaka siku ya gari jeupe. Sikulia. Nilikuwa naangalia vidole vyake. Vilichambua, vikachambua, halafu vikawa vinachukua majani yaliyokwisha kuchambuliwa vinayarudia.

"Baba yako," akasema mwishowe. "Miaka yote hii nimemwita muuaji. Nilimwita hivyo hata kwenye msiba wa mama yake. Mbele ya watu."

Kuku waliingia kwenye majani, hakuwafukuza.

"Siku alizoanguka zilikuwa ngapi?"

"Ninazozikumbuka ni saba."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naye, mama. Zote nilikuwa naye. Isipokuwa ile ya motoni."

Akaweka ungo chini. Hakunishika, hakunisogelea, na hakuniambia kwamba amenisamehe. Sijui kama amenisamehe mpaka leo ninapoandika. Alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, akakunja miguu vizuri kama mtu anayejiandaa kukaa muda mrefu.

"Niambie moja moja."

"Mama, ya nini sasa?"

"Hizo ni siku za mwanangu, Perisi. Na mimi sizijui."

Nikaanza na ya kwanza. Sikuwa nimefika mbali akaninyanyulia mkono ningoje.

"Alikuwa amevaa nini?"